Alnashir na Kinu cha Mlangoni

Mwezi wa Machi, jirani yangu Alnashir aligonga mlango wangu akiwa amevaa koti na tai, akaniuliza kama nina habari zozote za mke wake. Nikamwambia mke ni wake. Akasema hilo analielewa, ila Geok alipoondoka kwenda kwao Malaka kumuuguza dada yake alisema atakaa wiki chache, na sasa baridi inakwisha na tiketi ya kurudi ameisogeza mbele mara ya pili. Nilimkaribisha ndani. Mtu mwenye tai saa tatu asubuhi, siku isiyo ya msiba wala ya kwenda kusali jamatkhana, huwa hajaja kuazima sukari.

Mimi naitwa Mwanabaraka, mtu wa Pemba, napokea wagonjwa kwa daktari wa meno hapa Rayners Lane. Nimeishi ukuta kwa ukuta na watu hawa tangu marehemu mume wangu yuko hai. Nyumba zetu ni pacha, na ukuta uliopo katikati ni jina tu: nikipiga chafya kwangu, Alnashir huniombea rehema kwake. Kwa hiyo ninayoyasimulia hapa sikuyapekua. Yalikuja yenyewe.

Alnashir ni Ismailia wa Tanga. Baba yake alikuwa na duka la viungo karibu na soko, nyumba yao ikataifishwa, na yeye akaja London akiwa kijana mwembamba mwenye sanduku moja. Akafungua duka la vitasa na funguo karibu na stesheni, akachonga funguo za nusu ya Harrow mpaka magoti yalipomshinda. Ni mtu mwema. Hakopi, hasengenyi, hapandishi sauti. Ana ila moja tu, nayo ni mdomo. Alnashir hali chakula kisichotoka jikoni kwa mama yake. Kuku paka, muhogo wa nazi, maharage, chapati, na biriani siku ya Ijumaa. Harusini hubeba chupa yake ya achari mfukoni mwa koti. Mtu ameishi London zaidi ya nusu karne na ulimi wake haujapanda hata meli.

Geok yeye ni wa Malaka, na kwao wanaitwa Peranakan: Wachina waliofika bandarini zamani kwa biashara, wakaoa huko, wakachanganya lugha na nguo na vyungu, mpaka Wachina wengine hawajui wawaweke fungu gani. Mimi aliponieleza mara ya kwanza sikuhitaji maelezo marefu. Sisi watu wa pwani habari hizo tunazijua. Alikuja London kusomea uuguzi, na Alnashir akaletwa wodini kwake na kidole tumbo. Alipotoka alikuwa hana kidole tumbo na ana mchumba.

Mama yake Alnashir, ambaye alikuwa akiishi nao, alikubali ndoa kwa sharti moja, kwamba mwanawe asile vitu vya ajabu. Akamfundisha mkwe wake jiko lote la Tanga. Kiingereza bibi yule hakukijua, na Geok hakujua Kikachi, lugha ya kwao, basi mafunzo yakawa kwa Kiswahili. Ndiyo maana Geok anazungumza Kiswahili cha Tanga chenye chumvi yake, vizuri kuliko mtoto wao Zulfikar, ambaye husikia kila kitu na kujibu kwa Kiingereza.

Sasa Alnashir amekaa kwenye kiti changu na tai yake. Akaniambia kwamba huko Malaka hakuna tatizo, maana kila akimpigia simu Geok humjibu vizuri. Nikauliza humjibu nini. Akafikiri, akasema jana alimuuliza kama anaendelea salama, naye akajibu, "Huku nakula, Alnashir." Basi yeye akafurahi kwamba mkewe anakula.

Nilitamani kumpiga kwa birika. Nililitua mezani kwanza, ndipo nikasema.

"Bwana Alnashir, dada yake alishapona. Picha anazonitumia, yule dada yuko mezani anacheza karata. Mkeo hakwenda kuuguza. Mkeo amekwenda kula."

Akanitazama kama mtu aliyeletewa ufunguo wa mlango asioujua.

Ikabidi nimkumbushe habari za zile kokwa. Mwaka nilipohamia mtaani, dada yake Geok alituma kifurushi kutoka Malaka. Ndani mlikuwa na kokwa ngumu, kubwa kama kungumanga, zina rangi ya majivu na harufu ya ardhi. Huko kwao huitwa keluak. Zikiwa mbichi zina sumu. Huzikwa kwenye majivu mpaka ndani ziwe nyeusi kama lami, halafu huloweshwa kwa siku kadhaa, ndipo zipikwe na kuku kwa ukwaju. Ni chakula cha sikukuu. Geok alikuwa amenionyesha moja ukutani pale nje, ameishika kwa vidole viwili, na sijawahi kumwona na uso ule tena. Alnashir alirudi kutoka dukani, akakifungua kifurushi, akavunja kokwa moja, akanusa. Mtoto wa muuza viungo! Akatangaza kwamba hizi ni kungumanga na zimeoza, wamemtapeli shemeji, akazitia zote pipani, na siku hiyo hiyo wazoa taka wakazichukua. Asiyejua maana haambiwi maana. Geok hakusema neno. Jioni ukuta ukaniletea harufu ya kuku paka.

Na kile kinu? Geok alikuja nacho kutoka Malaka, kinu cha jiwe kizito, ameingia nacho kwenye ndege nguo zake zikabaki. Siku za mwanzo alikitumia. Mama mkwe akasikia harufu ya uduvi unaokaangwa, akafungua madirisha yote mwezi wa Januari. Ikatokea mara ya pili, mara ya tatu, mwisho kinu kikahamia mlango wa nyuma, kikawa cha kuzuia mlango usijifunge kwa upepo. Mimi nimekikuta hapo hapo. Nilidhani ni pambo la bustani mpaka Geok aliponieleza, kwa sauti ile ile anayonielezea bei ya bamia.

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," nikamwambia Alnashir. "Huu ndio mshindo."

Akaniuliza, kwa adabu kabisa, huko Malaka hasa Geok anakula nini. Alikuwa haulizi kwa kejeli. Mume wa mtu, babu wa watu, hajui. Mbaya zaidi ni kwamba hata mimi sikujua, zaidi ya zile kokwa.

Nikamwambia akajifunze. Akasema ataanzia wapi katika umri huu. Nikamwambia aanze kwa kuvua tai.

Zulfikar ndiye aliyemtafutia mafunzo kwenye mtandao. Kila Jumamosi, katika ukumbi mmoja Lewisham, mkunga mstaafu wa Malaka alikuwa akifundisha mapishi na ushonaji wa Peranakan. Wanafunzi wake humwita Bibik Lian, maana bibik ndivyo wanavyowaita mabibi wa kwao. Kutoka kwetu mpaka Lewisham ni treni tatu, na ile ya mwisho haina hata dereva. Alnashir alikwenda na chupa ya chai na chapati mbili, kwa tahadhari.

Siku ya kwanza alirudi amenuna. Alikuwa mwanamume pekee, ukiacha Mwingereza mmoja aliyeletwa na mkewe. Bibik Lian hakumpa sufuria wala mwiko. Alimpa kinu, mchi na mizizi, akamgeuzia mgongo, akamwambia atwange. Kwa mila yao, mama aliyekwenda kutafuta mchumba wa mwanawe hakuomba kumwona msichana. Alikaa ukumbini na kikombe cha chai akamsikiliza anavyotwanga viungo jikoni. Kwa mlio tu alijua kama binti ana subira, kama ana hasira, kama amefundwa au amekurupushwa. Bibik Lian alikuwa na sheria hiyo hiyo. Hawashi jiko kwa mtu yeyote mpaka amsikilize na aridhike.

"Akasemaje ulipotwanga?" nikamuuliza.

"Aliniuliza namuadhibu nani."

Jumamosi ya pili ikawa vile vile. Ya tatu akajitetea kwamba jirani na ukumbi kuna kanisa la Waafrika, kwaya yao hufanya mazoezi saa hiyo, na ngoma ikimwingia mkononi anatwanga wimbo wao. Bibik Lian alimjibu kwamba kwaya iko pale miaka yote na wengine wanatwanga. Wasichana wadogo kuliko wajukuu zake wakapanda daraja wakaenda majikoni, yeye akabaki na kinu chake pembeni. Kila jioni alimpigia Geok simu asimwambie lolote. Aliogopa kumwahidi kitu kisha kimshinde.

Hapo ndipo alipokwenda mlango wa nyuma, akakitoa kile kinu, akaweka tofali mahali pake. Akakiosha. Nilianza kumsikia ukutani kila asubuhi baada ya sala, ko, ko, ko, kama mtu anayebomoa nyumba kwa heshima.

Sikuvumilia. Mimi nimekua Pemba na mchi mkononi, naona mtu anateseka mbele yangu, ninyamaze? Nikaenda nikamfundisha: inua mkono mpaka begani, uachie mchi uanguke kwa uzito wake, vuta pumzi, inua tena. Alitwanga hivyo juma zima kwa bidii. Jumamosi Bibik Lian alimsikiliza kidogo, akageuka, akauliza ni nani aliyemharibu tena. Kumbe kutwanga kwangu ni kwa kinu cha mti, kwa kusimama, kwa kukoboa mpunga. Kinu cha jiwe ni cha kukaa. Mchi wake hauanguki, unalazwa kidogo na kuvutwa, unasaga mzizi ubavuni mwa jiwe, na mlio unatakiwa uanze mkavu kisha ulainike taratibu mizizi inapokubali. Alnashir alinieleza yote haya akiwa ameinamisha macho. Nilinuna siku kadhaa, kisha nikaacha, kwa sababu aliniletea keki.

Keki yenyewe ilikuwa ya kijani. Siku hiyo Bibik Lian aliwaonyesha wote namna ya kuipika, waliofaulu kutwanga na walioshindwa. Niliponusa nikajua ni rampe, lile jani la harufu nzuri. Sasa, kwetu rampe haliwi. Rampe hukatwa vipande vyembamba, likachanganywa na asumini na mrehani, likafungwa kikuba, bibi harusi akajipachika kifuani. Ndiyo harufu ya harusi zote nilizowahi kuhudhuria, pamoja na yangu. Na watu hawa wanalikamua, wanalitia kwenye unga na tui la nazi, wanakula. Nilitafuna kipande cha kwanza kwa mashaka, nikaona namtafuna bibi harusi. Cha pili nikamsamehe. Alnashir akanitazama nilivyomaliza sahani, kisha yeye naye akachukua kipande, akakiweka kinywani, akafumba macho kama anayemeza dawa. Kilikuwa chakula cha kwanza kisicho cha Tanga kupita koo lile. Akasema kina nazi. Akachukua kingine.

Tangu siku hiyo akawa haji kwangu bila habari. Akaniambia wanatia khulanjani, ile mizizi ambayo kwetu waimbaji wa taarabu hutafuna kulainisha sauti. Wanatia mchaichai, ambao mimi nimeujua kwenye chai tu. Ukwaju, nazi, binzari, pilipili, vyote alivikuta huko kama mtu anayekutana na ndugu zake ugenini. Alikuwa akivitaja kimoja kimoja, na kila akitaja anakunja uso zaidi. Siku moja akasema lililokuwa likimkera.

"Bi Mwanabaraka, ni vitu vile vile. Alikuwa na viungo vya mama yangu mkononi kila siku. Ingelitosha niseme leo pika chako."

Nilimwonea haya, na nilimwonea huruma, na vyote viwili kwa pamoja ni kazi.

Kitu kimoja tu hakikuwa ndugu yake, nacho ni belacan, uduvi uliosagwa na kuozeshwa kwa utaratibu mpaka ukawa kama sabuni ya mche. Kabla ya kutwangwa lazima ubanikwe. Alnashir aliubanika jikoni kwake asubuhi moja ya mvua, madirisha yamefungwa. Mimi nimezoea papa mkavu na ng'onda, harufu ile ilinipitia kama jamaa wa mbali. Surjit wa nyumba ya tatu hakuzoea. Alipiga simu kwa watu wa gesi. Wakaja wawili na mashine yao, wakamkuta mzee wa miaka sabini na kitu amevaa aproni yenye maua, ameshika kipande cheusi kwa koleo. Walipima nyumba nzima. Wakamwambia gesi haivuji, ila hicho alichonacho wasingemshauri aendelee nacho. Walipotoka aliniambia kwamba alipofungua dirisha baada yao, ilimjia sura ya Geok mwezi ule wa Januari, amesimama jikoni na koti mwilini, baridi inaingia, mama yake hasemi na yeye Alnashir anasoma gazeti.

"Mimi ndiye niliyekuwa nasoma gazeti," akarudia, kana kwamba nitabisha.

Baada ya mapishi, Bibik Lian huwapa wanafunzi saa moja ya ushanga. Kazi hii Alnashir aliipenda mapema, maana mtu aliyechonga funguo macho yake yamezoea vitu vidogo. Ushanga wenyewe ni mdogo kuliko mbegu ya mchicha. Unashonwa kwenye kitambaa kilichokazwa juu ya fremu ya mbao, mmoja mmoja, mpaka utokee ua au ndege. Alipoona ile fremu mara ya kwanza akasema kwake iko moja kama hiyo, pambo, iko sebuleni juu ya kabati, yeye mwenyewe huifuta vumbi. Bibik Lian akamwambia ailete.

Akaileta. Ilikuwa na kitambaa chenye uso wa kiatu kimoja, kimekamilika, jogoo mwekundu kati ya maua ya waridi. Pembeni yake, kiatu cha pili kimechorwa kwa penseli tu. Bibik Lian alikipima kwa kiganja. Akasema hiki si pambo, na si cha mwanamke, mguu huu ni mkubwa. Akaeleza darasa zima kwamba kwao msichana akishaposwa humshonea mume viatu vya ushanga, na siku ya harusi wakwe huvigeuzageuza kutafuta ushanga uliokaa upande. Mwenye kuvishona huonyesha kwavyo adabu yake na mapenzi yake. Halafu akamuuliza Alnashir anavaa saizi gani.

Alnashir alikumbuka palepale. Wiki moja kabla ya harusi, Geok alimletea kile kiatu kimoja kikiwa bado kwenye fremu yake, amekifunga kwenye karatasi, na dada zake Alnashir wamekaa hapo. Yeye akakiinua juu, akauliza bwana harusi ni yeye au ni kuku. Dada zake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Geok pia alicheka. Akakifunga tena kwenye karatasi. Cha pili hakikushonwa kamwe, na mwenye mguu akawa anakifuta vumbi miaka yote kama kitu cha dukani.

Alirudi na treni zote tatu bila kufungua chupa ya chai. Mimi nilipoambiwa nilikumbuka kofia ya viua niliyomshonea marehemu mume wangu, mwaka mzima wa macho yangu, akaisahau kwenye treni ya Metropolitan. Alirudi stesheni kila jioni kuiulizia mpaka wakamjua kwa jina. Lakini kuisahau si kuicheka. Nilimwambia Alnashir hivyo, na sikumpunguzia.

Tangu hapo akaanza kukishona kiatu cha pili mwenyewe, jioni, chini ya taa. Safu zake zilipinda. Jogoo wake alianza na mguu mmoja mnene kuliko mwingine. Hakuuliza mtu kama anaruhusiwa.

Mwanzoni mwa Juni, Bibik Lian alimgeuzia mgongo kama kawaida, akamsikiliza. Kwaya ya jirani ilikuwa inaimba. Alnashir akatwanga mizizi mikavu kwanza, kisha pilipili, vitunguu mwisho kwa sababu vina maji, na mkono wake haukukimbia hata kidogo. Bibik Lian hakugeuka mpaka alipomaliza. Akasema, "Sasa washa jiko." Mwingereza akapiga makofi, mkewe akamnyamazisha. Na kabla hawajatawanyika, Bibik Lian alimtilia Alnashir mfukoni mfuko wa kokwa za keluak, akamwambia zikae majini siku tano, maji yabadilishwe kila siku, asizitazame kwa dharau.

Mpango ulikuwa wangu. Nilisema apike kwanza mimi nionje, na kama sitakufa, ampigie Geok amwambie yote. Yeye alitaka ampigie hapo hapo. Nikamwambia maneno matamu mkewe ameshayasikia, asubiri awe na sufuria.

Asubuhi ya siku ya tatu, kokwa ziko kwenye bakuli karibu na sinki, mimi nimekaa jikoni kwake naangalia anavyofanya mazoezi ya mchuzi, simu yake ikalia. Mikono yake ilikuwa imejaa pilipili. Akainama akasoma jina la Geok. Ni yeye Alnashir ndiye aliyekuwa akipiga siku zote. Tangu aondoke, Geok hakuwahi kupiga mwenyewe.

Nilipokea mimi. Alnashir akarudi kwenye kinu, kwa sababu hakujua asimame wapi.

"Mwana, ni wewe?" Geok alisema. "Afadhali ni wewe. Nisikilize. Dada ameniomba nihamie kwake moja kwa moja, na mimi nimeona vyema. Nimeshaulizia kuhusu pensheni yangu. Mwambie wewe Alnashir, utajua namna ya kumwambia."

Nimewapokea watu wenye majipu ya meno siku nyingi katika maisha yangu, huwa sikosi la kusema. Siku ile nilikosa. Nilimtazama mzee wa watu pale na aproni yake, anavuta mchi ubavuni mwa jiwe, na nikaona nitakachomwambia kitamwangusha chini. Nikabaki nimeshika simu.

Geok akatega sikio. Kisha akauliza, "Huo mlio wa nini?"

"Wa kutwanga."

"Unatwanga nyumbani kwangu?"

"Si mimi."

Malaka ilikuwa mchana, nilisikia pikipiki inapita huko.

"Hicho kinu changu," akasema. Jiwe lina sauti yake, hakuhitaji kuambiwa. "Nani kakitoa mlangoni?"

"Mumeo."

"Na mlango unazuiliwa na nini?"

"Tofali."

Akaniambia nimweke karibu. Nikaiweka simu mezani, kando ya kinu. Alnashir alijua anasikilizwa. Bibik Lian alimfundisha kwamba anayesikilizwa hasimami, basi hakusimama, lakini machozi yalimtoka, na hakuweza kuyafuta kwa mikono ile ya pilipili. Akaendelea kutwanga huku yanamdondoka kidevuni. Mlio ulikuwa mkavu, ukaanza kulainika. Akanyoosha mkono kuchukua bakuli la vitunguu.

"Mizizi bado haijakubali," simu ikasema.

Akaurudisha mkono. Akatwanga zaidi.

"Sasa tia."

Akatia. Mlio ukawa wa majimaji. Geok alisikiliza mpaka mwisho bila kukohoa, kama wale mama wakwe wa kwao na chai yao. Alnashir alipouweka mchi chini, jikoni hamkuwa na sauti isipokuwa bomba lake linalovuja.

"Ni mchuzi wa nini?" Geok akauliza.

"Wa mazoezi," Alnashir akajibu. "Wa kweli ni keshokutwa. Kokwa ziko majini."

"Kokwa gani?"

"Keluak."

Nilidhani simu imekatika. Niliinua nikatazama kioo, dakika zilikuwa bado zinahesabu.

"Alnashir," akasema Geok.

"Naam."

"Usizitupe."

Tangu siku ile ya pipa, hakuwahi kulitaja jambo lile, si kwake, si kwangu. Alnashir akaisogelea simu.

"Sizitupi," akasema. "Siku ya tano nitazivunja, nipike, nikupigie."

"Usizivunje pia. Wewe badilisha maji tu. Mimi ndiye nitakayezivunja."

Akakata. Hakuaga, na hakuniambia tena nimwambie Alnashir nini. Nilimshikia Alnashir taulo la karatasi, nikamfuta uso mwenyewe, kwa sababu angejitia pilipili machoni na mimi ndiye ningempeleka hospitali.

Kokwa zilikaa majini kupita siku zake. Alibadilisha maji asubuhi na jioni mpaka Zulfikar alipomleta mama yake kutoka uwanja wa ndege. Geok aliingia na koti lake, akapita sebuleni bila kukaa, akaenda jikoni, akainamia bakuli akanusa. Akasema maji ya leo bado. Alnashir akasema alikuwa anakwenda kuyabadilisha sasa hivi. Ndiyo salamu waliyopeana baada ya miezi yote ile, na mimi nilikuwepo.

Alipoona fremu yake imehamishwa kutoka kabatini, aliichukua akakaa nayo dirishani. Geok ni mtu wa kufumua. Nimemwona akifumua sweta zima kwa sababu ya tundu moja. Aliikagua kazi ya mumewe kwa muda mrefu, kile kiguu kinene cha jogoo, zile safu zilizopinda. Akatia uzi kwenye sindano, akaendelea pale pale alipoishia Alnashir. Hakufumua hata ushanga mmoja.

Siku hizi Jumapili mimi hualikwa. Alnashir hutwanga, Geok hukaa sebuleni amelipa jiko mgongo, anashona. Jogoo wa pili amefika shingoni. Kutoka huko alipo, bila kugeuka, hupaza sauti, "Bado," na Alnashir hurudisha bakuli la vitunguu mezani, akangoja.